Chungwa, Chujio na Beseni: Namna ya Kupima Afya ya Kijito cha Msituni

"Mwanangu, haya maji yanafaa kunywa?"

Aliyeniuliza ni mama mmoja wa makamo, pembezoni mwa msitu wa Pugu, mwezi Juni. Nilikuwa nimesimama katikati ya kijito nikiwa na buti za mpira, beseni jeupe mkononi, na ndani ya beseni wadudu wanaogeleageuka. Tulikuwa ndiyo kwanza tumemaliza kujumlisha alama zetu, na alama zilikuwa nzuri kuliko tulivyotegemea. Nikamjibu kwa kujiamini kote kwa mwanafunzi wa mwaka wa tatu: "Yanafaa, mama. Hiki kijito kina afya."

Akashukuru, akajaza ndoo yake, akajitwisha, akaondoka.

Ile sentensi yangu ya pili ilikuwa kweli. Ya kwanza haikuwa kweli, na wakati ule sikujua kama kuna tofauti kati ya hizo mbili. Nimeandika makala hii kukueleza tofauti hiyo, na kwa njia hiyo kukueleza jinsi kijito cha msituni kinavyopimwa kwa vifaa ambavyo karibu vyote unaweza kuvipata sokoni. Mimi nasomea ualimu, masomo yangu ya kufundishia ni biolojia na jiografia. Wengi wetu tutapangiwa shule ambazo maabara yake ni kabati moja lenye kufuli. Ila shule nyingi zina kijito karibu. Ukijua kukisoma, umepata maabara isiyohitaji kufuli.

Kwa nini tulianza vibaya

Mara ya kwanza kupima maji tulikuwa Morogoro, kwenye mto unaoshuka kutoka milima ya Uluguru. Pale maji yanakimbia, yanagonga mawe, yanatoa povu jeupe. Ukiweka mguu unasikia baridi mpaka kwenye goti. Tukajenga picha kichwani kwamba maji mazima ndivyo yalivyo: meupe, ya baridi, yenye kelele.

Kisha tukaenda Pugu. Kutoka chuoni tulipanda daladala hadi Gongo la Mboto, pale tukabadilisha na kuchukua za Kisarawe. Vilima vya Pugu na Kisarawe si milima, ni miinuko ya kawaida ya ukanda wa pwani, na ndiko unakoanzia Mto Msimbazi, huu huu unaoufahamu ukivuka Jangwani. Vijito vya huko havikimbii. Vinatambaa. Chini ni mchanga laini na tope, juu ni majani yaliyooza, na maji yenyewe yana rangi ya chai ya rangi iliyokaa kwenye birika tangu asubuhi.

Tukapima oksijeni iliyoyeyuka ndani ya maji, ikasoma chini kidogo ya miligramu 5 kwa lita. Sisi tuliokariri kwamba samaki wengi wanahitaji 5 na kuendelea, tukatazamana. Mwenzangu akaandika kwenye daftari: "Kijito kimechafuliwa." Fundi wa maabara tuliyekuwa naye akachungulia, akauliza swali moja tu: "Mmekilinganisha na nini?"

Hatukuwa na jibu. Ukweli ni kwamba tulikuwa tumekilinganisha na Morogoro.

Maji yanayokwenda polepole chini ya miti yana tabia zake. Hayajirushi hewani, kwa hiyo hayachukui oksijeni nyingi kutoka juu. Kivuli cha miti kinazuia jua, kwa hiyo mimea ya majini inayotengeneza oksijeni ni michache. Halafu majani yanadondoka mwaka mzima, bakteria na kuvu wanayaozesha, na wakiyaozesha wanatumia oksijeni ileile. Rangi ya chai inatoka hukohuko kwenye majani na magome, kama vile majani ya chai yanavyotoa rangi kikombeni. Hakuna kiwanda, hakuna bomba la maji taka. Ni msitu tu unafanya kazi yake.

Kwa hiyo kanuni ya kwanza: kijito cha polepole kilinganishe na kijito cha polepole. Chagua sehemu mbili za kijito kilekile, moja juu, ambako shughuli za watu ni chache, na nyingine chini baada ya mashamba, mifugo au mahali pa kufulia. Sehemu ya juu ndiyo rula yako. Bila rula, namba yoyote utakayoipata ni kelele tu.

Kabla hujaingia majini

Kwanza ruhusa. Pugu na Kazimzumbwi ni hifadhi ya msitu, huingii tu kama unaingia kantini. Na hata kijito kikiwa nje ya hifadhi, pita serikali ya kijiji au mtaa ujitambulishe. Mtu anayekuta vijana watano wameinama mtoni na vichupa ana haki ya kujiuliza mnatia nini kwenye maji yake.

Pili, kichocho. Hapa sitanii. Konokono wanaobeba vimelea vya kichocho wanapenda maji haya haya, yanayokwenda taratibu na yenye majani. Vimelea vikitoka kwa konokono vinapenya ngozi ya mtu ndani ya dakika chache, huhitaji kidonda wala kunywa maji. Hutoka kwa wingi jua likiwa limepanda. Vaa buti za mpira na glavu ndefu, fanya kazi asubuhi, na ukiloa jifute haraka kwa taulo kavu. Ukiwa mwalimu, mwanafunzi asiye na buti abaki ukingoni akiandika. Kazi ya kuandika ni nyingi, hatakosa cha kufanya.

Tatu, nendeni angalau watatu, na mvua ikianza kunyesha huko juu, tokeni. Kijito kinachotambaa saa nne kinaweza kuwa mto saa saba.

Anza kwa kutazama

Wengi tukifika tunakimbilia kuchovya vipimo. Subiri. Nusu ya taarifa za kijito zipo nje ya maji.

Pima kipande cha mita 50 kwa kamba, kisha chora ramani yake kwa mkono. Onyesha mahali maji yanapotuama, mahali yanapopita haraka kidogo, miti iliyoangukia ndani, mizizi inayoning'inia, na mapango madogo chini ya ukingo. Usidharau gogo lililolala mtoni. Kwenye mto wa mawe, wadudu hujificha chini ya mawe. Kijito cha mchanga hakina mawe, kwa hiyo gogo, mizizi na malundo ya majani ndiyo nyumba za wadudu hao. Nimesikia watu wakijisifu kwamba "wamesafisha" kijito kwa kutoa magogo yote. Plastiki toa, tena toa zote. Gogo liache.

Tazama juu. Kivuli ni kiasi gani? Wataalamu wana kioo maalumu chenye miraba cha kupimia kivuli. Sisi tulitumia kioo cha kujitazamia tulichokichora miraba 20 kwa kalamu ya wino mzito. Unakishika usawa wa kiuno, unahesabu miraba iliyojaa majani. Ikiwa 15 kati ya 20 ina majani, kivuli ni asilimia 75. Rudia sehemu tano, tafuta wastani.

Tazama kingo. Zimeshikwa na mizizi au zinamomonyoka? Kuna njia ya ng'ombe? Kisha tembea kutoka ukingoni kwenda nje huku ukihesabu mita. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kibinadamu za kudumu, au zinazoweza kuharibu mazingira, ndani ya mita 60 kutoka kingo za mito. Andika kilichopo ndani ya mita hizo 60: miti, mihogo, minanasi, tanuri la mkaa, nyumba. Huendi pale kushitaki mtu. Unaandika unachokiona, basi.

Mwisho tazama chini. Chota kiganja kimoja cha kitu kilichopo sakafuni kwa glavu. Mchanga, tope, majani, changarawe? Kama mchanga mpya umefunika majani na mizizi yote, jua kuna ardhi inamomonyoka huko juu, hata kama maji yenyewe yanaonekana safi siku hiyo.

Chungwa linafanya nini hapa?

Kupima mwendo wa maji unahitaji kitu kinachoelea lakini kinachozama kidogo, ili kisisukumwe na upepo. Chungwa linafaa kabisa, na kazi ikiisha linaliwa (baada ya kuoshwa kwa maji mengine, tafadhali).

Tafuta kipande kilichonyooka, pima mita 10. Dondosha chungwa juu kidogo ya alama ya kwanza, anza kuhesabu sekunde likipita hapo, simamisha likifika alama ya pili. Rudia mara tatu uchukue wastani. Kisha pima upana wa kijito, na kina chake sehemu kadhaa kutoka ukingo hadi ukingo.

Tuseme chungwa limechukua sekunde 125. Gawa 10 kwa 125, unapata mita 0.08 kwa sekunde. Maji ya juu huenda haraka kuliko ya chini yanayosugua sakafu, kwa hiyo zidisha kwa 0.85 kama marekebisho, inakuwa 0.068. Kama upana ni mita 1.8 na wastani wa kina ni mita 0.25, eneo la mkato ni mita za mraba 0.45. Zidisha 0.45 kwa 0.068. Jibu ni kama mita za ujazo 0.03 kwa sekunde, yaani lita 30. Ndoo moja na nusu kila sekunde, kutoka kwenye kijito ambacho ukikitazama unadhani kimesimama.

Hesabu hii ni ya kidato cha kwanza. Lakini nimeona watu waliofeli hesabu darasani wakibishana juu yake kando ya maji kama wanabishana Simba na Yanga.

Kupima maji yenyewe

Hapa kuna vipimo vya kununua au kuazima idarani, na vya kujitengenezea.

Jotoridi: kipimajoto cha kawaida. Kishike ndani ya maji dakika mbili, kwenye kivuli, usome kikiwa bado majini. Jotoridi linahusiana na oksijeni moja kwa moja. Usawa wa bahari, maji ya nyuzi 25 yakishiba oksijeni yanabeba kama miligramu 8.3 kwa lita, na yakifika nyuzi 30 yanabeba kama 7.6 tu. Ukikata miti ya kivuli, umeyapasha maji moto na umeyanyima pumzi kwa pigo moja.

Oksijeni: kama kuna mita, sawa. Kama hakuna, watu wa kemia wanaifahamu titresheni ya Winkler. La muhimu ni saa. Oksijeni huwa chini kabisa alfajiri, kwa sababu usiku kucha viumbe wanapumua na hakuna jua la kutengenezea nyingine, kisha hupanda hadi alasiri. Ukipima kituo cha juu saa moja asubuhi na cha chini saa tisa mchana, umelinganisha asubuhi na mchana, hujalinganisha juu na chini. Pima karibu saa moja, na siku nyingine rudia saa zilezile.

Asidi: mita ya pH au karatasi zake. Mita lazima uisahihishe kwanza kwa vimiminika vya pH 4 na 7. Kijito chenye majani mengi kinaweza kuwa na asidi kidogo, na hilo peke yake si kosa.

Chumvi zilizoyeyuka: mita ya upitishaji umeme. Namba moja haikuambii mengi kwa sababu kila udongo una chumvi zake. Lakini namba ikiruka ghafla kati ya juu na chini, tafuta kilichoingia katikati.

Uangavu: chukua bomba la plastiki linaloona, urefu wa mita moja, ziba chini kwa kipande chenye rangi nyeusi na nyeupe, mimina maji taratibu ukichungulia kutoka juu. Rangi zikipotea, soma urefu wa maji. Na kuna jaribio dogo ambalo lingetuokoa siku ile ya kwanza. Jaza glasi, iache itulie kwa saa moja. Tope litashuka chini. Rangi ya chai haishuki. Tope lililozidi ni dalili ya mmomonyoko, rangi ya chai ni salamu kutoka msituni.

Mashahidi wasiodanganya

Vipimo vyote hivyo vinakuambia hali ya maji dakika ileile uliyochovya. Kama mtu alimwaga sumu juzi na imeshapita, mita haitajua. Wadudu wanajua, kwa sababu walikuwepo.

Kusini mwa Afrika kuna mfumo uitwao SASS, unaopima mito kwa wadudu na wanyama wadogo wanaoonekana kwa macho. Kila familia ya viumbe ina alama yake kadiri inavyoshindwa kuvumilia uchafu. Mwaka 2015, Lulu Kaaya na wenzake walichapisha mfumo wa Tanzania, TARISS, ukiwa na viumbe wa mito yetu. Huo unahitaji mtu aliyefunzwa kutambua familia. Kwa shule kuna ndugu mdogo, miniSASS, wenye makundi 13 tu, na hata mwanafunzi wa sekondari anauweza.

Vifaa: chujio lenye mpini mrefu (sisi tulifunga chujio la jikoni kwenye fimbo), beseni jeupe, kijiko cha plastiki na kioo cha kukuzia. Anzia upande wa chini wa kijito ukipanda juu, ili tope unalotibua lisikutangulie. Sugua mizizi, tikisa malundo ya majani, chota mchanga wa juu, mimina yote kwenye beseni lenye maji kidogo. Kisha tulia. Dakika mbili za kwanza utaona takataka tu. Baadaye takataka zitaanza kutembea.

Kituo chetu cha juu kilitupa makundi tisa: kaa (6), tunutu wa kereng'ende wanene (6) na wa kereng'ende wembamba (4), kunguni wa maji na mbawakawa (5), konokono (4), mabuu ya jamii ya inzi na mbu (2), na wale tunutu wanaojijengea ala za mchanga na vijiti wakaishi ndani kama wapangaji (9). Halafu walikuwepo tunutu wa wadudu ambao wakishakua wanaishi siku moja au mbili tu, wengi wao wana mikia mitatu myembamba. Hao wako makundi mawili: wadogo wenye umbo la kisamaki (5) na wengineo (11). Jumla 52, gawa kwa makundi 9, wastani 5.8. Kituo cha chini, baada ya mashamba na mahali pa kufulia, tulipata minyoo (2), ruba (2), mabuu ya inzi (2), konokono (4), kunguni wa maji (5) na kereng'ende wembamba (4). Jumla 19 kwa 6, wastani 3.2.

Angalia jambo moja. MiniSASS ina mizani miwili ya kusomea alama, mmoja wa mito ya mawe na mwingine wa mito ya mchanga, kwa sababu waliouandaa walijua mto wa mchanga haulazimiki kufikia alama za mto wa mawe. Yale tuliyokosea kwenye oksijeni, wao walishayafikiria. Na haufai kabisa kwa mabwawa na maji yaliyosimama. Kijito kikikauka kikabaki vidimbwi, usiutumie. Wala usitangaze kwamba kimekufa. Kwenye mabonde ya Ruvu na Rufiji kuna samaki wadogo wa jenasi ya Nothobranchius wanaoishi kwenye vidimbwi vya msimu. Maji yakikauka wao wanakufa, mayai yao yanabaki kwenye tope yakisubiri mvua.

Ukimaliza, rudisha viumbe wote majini, kila mmoja alikotoka.

Namba ilijibu swali gani?

Sasa turudi kwa mama.

Alama 5.8 ilijibu swali hili: je, viumbe wanaostahili kuishi katika kijito cha namna hii wapo? Jibu likawa, wengi wapo. Mama hakuuliza hivyo. Yeye aliuliza: je, nikinywa haya maji nitaumwa? Hayo ni maswali mawili tofauti, na mimi nilichukua jibu la moja nikalipa la pili.

Tuliporudi chuoni fundi wa maabara akasoma daftari letu, akafika mahali nilipoandika kwa majivuno kwamba "wanajamii wameelimishwa". Akaniuliza nimewaelimisha nini. Nikamwambia. Alikaa kimya kidogo, kisha akanieleza kwamba kaa na kereng'ende hawaugui kuhara. Bakteria wa kinyesi, E. coli na wenzake, wanaweza kujaa kwenye maji ambayo wadudu wanayafurahia. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani uko wazi: katika mililita 100 za maji ya kunywa asipatikane E. coli hata mmoja.

Tukarudi baada ya wiki tatu na chupa zilizotakaswa na boksi la barafu. Tukachukua sampuli bila kugusa mdomo wa chupa, tukaziwahisha maabara siku hiyohiyo. E. coli walikuwepo vituo vyote viwili. Ndiyo, na cha juu pia, chenye kaa na alama 5.8. Msituni kuna nyani, kuna nguruwe pori, kuna watu wanaopita. Maji yoyote ya juu ya ardhi yapo wazi kwa kila mwenye tumbo.

Safari iliyofuata niliomba tupite kwa mama. Tulimkuta anamenya mihogo. Nikamwamkia, akaitika, akatuletea mkeka. Nikamwambia nimekuja kurekebisha nilichosema. Akaniangalia.

"Kwa hiyo siku ile ulikuwa unakisia?"

"Ndiyo, mama. Nilikisia."

Akaendelea kumenya. Kisha akasema, "Mimi ya kunywa huwa nachemsha. Nilikuuliza kwa sababu mkaa umepanda, nikasema kama msomi ataniambia ni salama, nipunguze. Tangu siku ile sikuchemsha."

Nikauliza wajukuu hawajambo? Akasema hawajambo, yule mdogo tumbo lilimsumbua wiki iliyopita, lakini watoto ndivyo walivyo. Inawezekana ni maji, inawezekana ni embe bichi. Sikuwa na kipimo cha kujua. Ninachojua ni kwamba kwa wiki kadhaa familia ile ilikunywa maji yasiyochemshwa kwa sababu ya sentensi yangu ya sekunde tatu.

Tukakaa tukazungumza vizuri. Kwamba achemshe ya kunywa tu, ya kufulia hayahitaji mkaa. Kwamba kwa maji yenye rangi ya chai, klorini inaishia kupambana na ile rangi kabla haijawafikia bakteria, na mwanga wa jua haupenyi vizuri, kwa hiyo kuchemsha ndiyo njia ya kutegemea. Kwamba amuone afisa afya wa kata kuhusu kupata maji ya kisima yaliyopimwa. Na yeye akatufundisha la kwake: miaka ya nyuma, alisema, kijito kilikuwa hakikauki kabisa, na miti ilikuwa inafika hadi nyuma ya nyumba yake. Miti iliyoondoka ilikwenda kuwa mkaa. Mkaa uleule anaouhitaji kuchemshia maji.

Hilo sikuliona kwenye beseni.

Kwa mwalimu mwenzangu

Mwaka kesho wengi wetu tutakuwa kazini. Ukipata kijito karibu na shule, wapeleke wanafunzi. Wachore ramani, wakimbize chungwa, wapige kelele wakimwona kaa. Rudini kila muhula, mwanzo na mwisho wa mvua, vituo vilevile, saa zilezile, daftari lilelile. Mpimo mmoja ni picha ya pasipoti. Miaka mitatu ya vipimo ni wasifu wa kijito, na Bodi ya Maji ya bonde lenu inaweza kuusoma.

Ila kabla hawajaandika hitimisho, wape zoezi moja. Chora jedwali lenye safu mbili. Safu ya kwanza, kipimo. Safu ya pili, swali ambalo kipimo hicho kinajibu. Chungwa linajibu maji mangapi yanapita. Kioo kinajibu kivuli. Beseni linajibu nani anaweza kuishi humu. Chupa ya maabara inajibu kama mtu anaweza kunywa. Mtu akija na ndoo kuwauliza, watafute kwanza swali lake lipo mstari gani.

Na kama halipo kwenye jedwali, wafundishe kusema, "Mama, hilo bado hatujapima." Mimi sentensi hiyo nilijifunza nikiwa na miaka 22, nimekaa kwenye mkeka wa mtu niliyemdanganya bila kukusudia. Wao wanaweza kuijua wakiwa kidato cha pili.

Tulipokuwa tunaondoka mama alitufungia mihogo. Akaniambia nikirudi na kile kikaratasi cha maabara nimsomee mwenyewe, asisikie kwa watu. Nimekiweka ndani ya daftari. Bumu likitoka, nauli ya Kisarawe ndiyo ya kwanza.